Mfuko wa Chumvi Usiosikia Amri

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Kiboko na Kifaru walikuwa bado wanakaa nyumba moja na kugombania blanketi, chumvi yote ya nchi ilikuwa mikononi mwao. Sogea mbele, wewe unayesinzia, maana hii inakuhusu.

Chumvi hiyo waliiweka ndani ya mfuko wa ngozi, mkubwa kama chumba, uliolazwa juu ya kichanja cha magogo. Aliyeushona ni Nungunungu, kwa miiba yake mwenyewe. Aliuwekea vilango vidogo vidogo kila upande, na siku ya kuukabidhi akataka kueleza namna vinavyofunguka.

"Mabwana, ngozi hii iki..."

"Tunajua!" akadakia Kiboko.

"Lakini vilango..."

"Tumeshasema tunajua!" akafoka Kifaru. "Shika njia, fundi!"

Nungunungu akalaza miiba yake, akaenda zake.

Tangu hapo, wakitaka chumvi, waliuegemea mfuko kwa mabega na kupaza sauti: "Mlango! Funguka!" Kilango kikafunguka, pwa! Chumvi ikatiririka, chwaaa! Wakiondoka, kikajifunga. Basi vichwa vikawavimba. Wakaamini hata milango inaogopa sauti zao. Wanyama wengine hawakupewa hata punje.

Mnamjua Sange? Yule mdogo mwenye pua ndefu, ukipepesa jicho hayupo. Binti yake, Zawena, alikuwa amechumbiwa na kijana wa ukoo wa Pimbi. Na kina Pimbi wana desturi yao: wakifika harusini hupakuliwa kunde kwanza, kabla ya ngoma, kabla ya lolote. Bibi yao anaonja. Kunde zikiwa hazina chumvi, anajifuta mdomo, anasimama, na ukoo mzima unarudi nyumbani na bwana harusi wao. Dada yake Zawena alikuwa bado yuko nyumbani kwao kwa sababu hiyohiyo. Sange akiikumbuka siku ile, machozi humlengalenga.

Akaenda kuomba.

"Shikamooni, mabwana wakubwa. Kesho namwoza binti yangu. Naomba chumvi, kiganja tu."

"Marahaba. Hakuna," akasema Kiboko.

"Hata ya kuonjesha?"

"Iambie milango ikufungulie!" akasema Kifaru. Wakacheka, kwa! kwa! kwa! mpaka ardhi ikatikisika.

Sange akausogelea mfuko, akaweka pua yake kwenye ngozi, akaita: "Mlango! Funguka!" Kimya. Akainenepesha sauti: "FUNGUKA!" Kimya.

Mara mgongo ukamwasha Kifaru. Akajikuna kwenye mfuko, kwaru kwaru, mdomo umejaa majani. Pwa! Chwaaa!

"Nani kasema funguka?" akauliza Kiboko.

"Si mimi. Natafuna."

"Basi umesema moyoni."

Lakini Sange, pua yake ikiwa bado pale pale, alihisi kila kitu. Ngozi ilivutika, ikavutika, ikakaza, ndipo kilango kikaachia. Kifaru alipobanduka, ngozi ikalegea na kilango kikafunga. "Aa! Kumbe nyinyi hamna masikio," Sange akavinong'oneza vilango. "Mnachosikia ni kuvutwa!"

Wakubwa walipoingia ndani kugombania blanketi, akaparamia mfuko, akarukaruka, tipi tipi tipi. Wapi! Mfuko haukujua hata kama kuna mtu. Mwili wake ulikuwa mwepesi mno.

"Sawa," akasema. "Nitaazima uzito."

Asubuhi ya harusi akaja mbio, anahema.

"Hodi! Hodi mabwana! Mnaibiwa!"

"Na nani?" Kiboko akaruka.

"Kasuku! Yuko kichakani anaiga sauti yako, Bwana Kiboko. 'Mlango! Funguka!' Utadhani ni wewe! Milango itajuaje kama si wewe?"

"Mungu wangu! Tufanyeje?" akauliza Kifaru, pembe inamtetemeka.

"Mimi ningekuwa na miili kama yenu ningeukalia mfuko. Nani atathubutu kuiba chini yenu? Ila msitoe sauti hata kidogo, maana neno moja tu likiwaponyoka..."

"Tunajua!" wakajibu kwa pamoja.

Sange akainamisha pua wasione anavyocheka.

Wakapanda. Puu! Puu! Wakakaa kitako. Ngozi ikavutika, kreee! Na kule chini, vilango vyote kwa mpigo: pwa! pwa! pwa! Chumvi ikapenya kati ya magogo, chwaaaa! Chini ya kichanja walikuwapo Sange, Zawena, dada yake na majirani, kila mtu na kikapu chake.

Kiboko akasikia. Macho yakamtoka. Akamfinya Kifaru, akaonyesha chini: chumvi! Kifaru akaweka mguu mdomoni: sss! Kiboko akaonyesha tena. Kifaru akatikisa kichwa kwa hasira: nyamaza, utaifungua yote! Wakazidi kujibana na kujikandamiza kwenye mfuko, na chumvi ikazidi kumwagika. Mfuko ukashuka, ukashuka, mpaka makalio yakagonga magogo, ndii!

"Umenong'ona, wewe!" Kiboko akalipuka.

"Mimi? Si wewe uliyekohoa?"

Mchana ule bibi wa kina Pimbi aliletewa kunde. Akaonja. Sange akautazama mdomo wake, kama ataufuta. Bibi akalamba kijiko, akakigeuza, akalamba na mgongo wake.

"Mkwe," akasema, "niongeze."

Vigelegele! Sange alilia kwa furaha hadi pua ikaloa, na majirani wakagawana chumvi yote.

Kiboko na Kifaru nao walikuja, maana njaa haina aibu. Walikuwa wanakula pembeni, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, Nungunungu akawasogelea.

"Mabwana, sasa niwaeleze habari ya ile ngozi?"

"Tunajua!" wakafoka wote wawili.

Jioni hiyo wakatengana. Kiboko akahamia mtoni, Kifaru akashika pori, na mpaka leo kila mmoja anaapa kwamba aliyenong'ona ni mwenzake. Blanketi alibaki nalo Sange.

Nami nimemaliza, kalambeni vijiko vyenu mkijua hili: anayedhani kila kitu kinatii sauti yake, hatajua kamwe makalio yake yanafanya nini.