Mashine Iliyosikia Miguu

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana umeme ulishafika, palikuwa na nchi iliyouogopa mpaka wake. Ikamwajiri mhandisi Mwanakheri Shekue, ikamwambia, "Tutengenezee kitu kitakachomsikia adui kabla hatujamwona."

Mwanakheri akafanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, akapanda hadi kuongoza idara nzima. Mama yake alizikwa yeye akiwa porini, anafukia vitambuzi ardhini. Vilisikia kila kinachokanyaga: mbuzi, fisi, hata kanga, vikapeleka sauti kwenye mashine kambini. Askari wakaiita mashine hiyo Mbea.

Siku moja adhuhuri Mbea akapiga kelele. Watu mia nne wanakuja, wamebeba vitu vizito.

"Adui!" akasema Jenerali Kahindi. "Elekezeni bunduki!"

Bunduki zikaelekezwa. Koplo Mashauri, msikilizaji wa mashine, akavua spika za masikioni. "Afande, hawa si askari. Kuna hatua fupi fupi humu. Ni watoto."

"Unabishana na mashine?"

Mwanakheri akajibu badala yake, "Afande, mashine imesema miguu. Adui umesema wewe."

"Inaweza kunihakikishia kuwa ni watoto?"

"Hapana. Hatukuifundisha watoto."

Jenerali akainua mkono. Ukishuka tu, bunduki zilie.

Nasieku, mama aliyekuwa akiuza maziwa pale kambini, aliyasikia yote. Akatua dumu lake, akapita chini ya waya, akatembea mbele ya bunduki hadi kwenye vumbi la wale watu.

"Ni wakimbizi!" akapiga ukelele. "Wamebeba magodoro!"

Jenerali akasema kwanza, "Shusheni bunduki," ndipo akashusha mkono.

Hakufa mtu. Rais akafurahi, akaleta medali. Moja.

"Ni yangu," akasema Mwanakheri. "Bila mashine wangetokea ghafla kwenye waya, na askari aliyeshtuka hapeleki salamu."

"Mashine yako ndiyo ilitaka kuwaua, mama," akasema Koplo. "Mimi nilimpinga mkubwa wangu mbele ya kikosi. Wangekuwa adui kweli, leo ningekuwa jela."

Jenerali akakohoa. "Nyote mliongea. Mwenye amri nilikuwa mimi, na sikuitoa. Wale watu wako hai kwa sababu ya jambo ambalo sikulifanya. Mnajua ugumu wa kutofanya jambo ukiwa jenerali?"

Wakamgeukia Nasieku.

"Ninyi wote mlikuwa nyuma ya bunduki," akasema. "Na nikiwa kule, maziwa yangu mliyanywa."

Rais akamtazama huyu, akamtazama yule, akaifunga medali sandukuni na kuomba ushauri. Basi mshaurini ninyi mliosikia: je, nani alistahili kuvishwa?