Jibini Nililolikata kwa Hofu

"Jibini la wengi halikatwi kwa hofu ya mmoja." Juzi mlimsikia Bi Tumpe akisema hivyo kwenye kikao cha kisima, mkacheka, mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Ulianzia nyumbani kwangu, vijana wanangu wa mtaa, na aliyeshika kisu ni mimi. Nawaandikia ili nanyi msije mkakishika.

Binti yangu Sekela alirudi hapa Tukuyu akiwa amejifunza kutengeneza jibini. Maziwa tunayo, ila sufuria kubwa hatukuwa nayo, wala chumba cha ubaridi. Akaandika kwenye makundi ya simu kwamba atakayechangia atapata kipande chake jibini likikomaa, baada ya miezi mitatu. Watu wakachanga. Majirani, wanakwaya, waliosoma naye, hata wengine ambao mpaka leo hatuzijui sura zao. Watu sitini na wawili. Mwenzenu niliposikia idadi hiyo nilimwambia airudie.

Akatengeneza madonge kumi na manane makubwa, akayapanga kwenye mbao. Kila asubuhi aliyageuza na kuyafuta kwa maji ya chumvi. Mwezi wa kwanza ulipoisha akaenda Mbeya siku mbili kushughulikia kibali. Akaniambia, "Mama, mlango wa chumba cha jibini usifunguliwe. Likikatwa sasa, basi tena."

Siku hiyohiyo akaja Bi Tumpe na wanakwaya wenzake sita, wametoka mazoezini.

"Mama Sekela, tumekuja kuuona mchango wetu," alisema huku akijivutia kigoda. "Maana harusi yenu hii ya ajabu. Tumechanga, kadi hatujaiona, na pilau hainukii."

Wakacheka. Ulikuwa utani tu, lakini mimi nilisikia mengine. Kwetu mtu akichanga, anakula. Mchangaji kuondoka mikono mitupu ni aibu ya nyumba. Nikaona kesho watasema mwanangu amekula vya watu. Nikafungua mlango, nikakata donge moja. Habari zikafika barabarani, wakaja wengine, nikakata jingine. Mpaka jioni nilikuwa nimekata saba, na mlango uko wazi tangu mchana.

Kulila jibini lile kulikuwa kama kutafuna mpira, chumvi tupu. Bi Tumpe alilitafuna kwa heshima, kisha akalitemea kwenye leso akidhani simwoni.

Sekela aliporudi, ukungu ulikuwa umeshika yale niliyoyakata na umehamia kwenye mengine matatu. Manane yaliyobaki yasingewatosha watu wale. Akakaa sakafuni.

"Mama, ulimwogopa nani?"

"Niliogopa watasema."

"Walisema nini?"

Nikatafuta neno moja baya la mtu, nikalikosa. Hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Jumapili baada ya ibada tukawaita wachangaji. Sekela alitaka kusema yeye, nikamtangulia. Nikaeleza yote. Bi Tumpe akainuka, nami nikajua leo ndiyo leo.

"Mimi nimetania, mwenzangu akakimbilia kisu," alisema. "Hivi mpishi wa harusi atapakua wali usioiva kwa kuogopa midomo yetu? Mama Sekela, hofu ni yako, jibini ni letu. Jibini la wengi halikatwi kwa hofu ya mmoja. Ungetuuliza, tungekwambia tunangoja." Kisha akageuka. "Kesho naleta maziwa. Na wewe Ambakisye mwenye ng'ombe watatu, usijifanye unatazama viatu."

Watu wakaangua kicheko, na Ambakisye naye akacheka. Wiki mbili nzima maziwa yaliingia nyumbani kwangu bila mtu kudai chochote, naye Sekela akatengeneza madonge mapya. Wale wa mbali Sekela aliwaandikia ukweli, wakajibu kwamba watasubiri. Jibini lilipokomaa, kila mmoja alipata kipande chake, na leo kazi ile ya jibini inasomesha wadogo zake. Nikiwataja watu wale katika sala, huchukua muda mrefu, na simruki hata mmoja.

Basi wanangu, siku mtakayobeba kitu cha watu, na hofu ikawaingia, nendeni kwa wenyewe mkawaulize kabla mikono yenu haijafanya lolote. Mimi niliwadhania ubaya watu ambao walikuwa wameshakubali kuningoja. Jibini la wengi halikatwi kwa hofu ya mmoja.