Kwa Nini Isela Husalimiwa kwa Chombo Kikavu

Sikilizeni taratibu, kwa sababu nami nasema taratibu. Mgeni akifika kwenye bwawa letu la Isela, hatumwulizi kwanza habari za nyumbani. Tunamwuliza, "Umetoka maji gani?" Kisha chombo chake kinafudikizwa juu ya mwamba mpaka kikauke. Wengine huona tunawatukana.

Zamani haikuwa hivyo. Maji ya Isela yalikuwa maangavu, ukisimama mwambani unawaona perege wakipita juu ya mchanga. Na watu walikuwa na adabu moja waliyoipenda sana. Aliyetoka safari alibeba maji ya huko alikotoka, akayamimina bwawani na kusema, "Isela, nimekuletea salamu." Wavuvi waliorudi kutoka ziwa kubwa walifanya hivyo kwa vibuyu. Bibi harusi alifanya hivyo kwa mtungi wa kwao, wanawake wakipiga vigelegele.

Nyamizi aliolewa Isela akitoka ziwa kubwa. Alimimina mtungi wake, akashangiliwa. Mvua zilizofuata, likaonekana jani geni likielea karibu na mwamba. Lilikuwa mviringo, linang'aa, kikonyo chake kimevimba kama kitunguu, na chini yake mizizi myeusi ilining'inia kama ndevu bila kugusa tope. Likatoa ua la zambarau. Wasichana walilichuma wakalichomeka masikioni. Hakuna aliyelishuku.

Kiangazi kilipofika, bwawa lilikuwa limefunikwa. Ng'ombe walinywa kwa kupasua majani, na maji ya chini yalinuka. Kisha Mihambo, mume wa Nyamizi, aliingia kuutafuta mtego wake wa samaki, mizizi ikamzonga miguu. Walipomtoa alikuwa amekwisha kata roho. Mungu amlaze mahali pema.

Baada ya maziko, macho yakaanza kumfuata mjane. Akipita, mazungumzo yanakatika. Huyu alikumbuka kwamba hakulia vya kutosha. Yule alikumbuka kumwona akizunguka bwawa asubuhi peke yake, akiinama kama anayetafuta kitu. Wanaume waliingia na mapanga wakayakatakata yale majani, lakini kila kipande kikawa mmea mzima, na watu wakanong'ona kwamba yuko anayeyaita.

Lushinge, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesema waziwazi. "Shemeji, kwenu mnavua samaki au mnapanda maua? Nakwenda ziwani kuleta dagaa. Nikirudi, ufunge mzigo uende. Mtoto ni wa ukoo, atabaki."

Mtoto huyo alikuwa bado ananyonya.

Nyamizi akaanza kufunga mzigo. Naye alikuwa na shaka yake. Katika kuzunguka kwake alikuwa ameona kwamba majani machanga ya kwanza, kabla ya mapanga kuyatawanya, yalianzia pale mwambani tu, mahali pa kumwagia salamu. Akamwomba Mungu, akasubiri.

Lushinge aliporudi, watu walikusanyika kumwona akilisalimu bwawa, na pia kumwona mjane akiondoka. Nyamizi akatua mzigo wake, akashika kibuyu mkononi mwa shemeji yake.

"Shemeji, usimimine humo. Mimina hapa juu ya jiwe."

"Unaniamuru?"

"Nakuomba. Nakwenda zangu, litakuwa ombi la mwisho."

Watu walikuwa wanatazama. Lushinge aliona kwamba akikataa, ataonekana ana jambo analolificha. Akamimina. Jiwe lilikuwa la moto, maji yakatiririka, yakakauka. Kikabaki kitu cha kijani, kidogo kama ukucha, kina uzi mmoja mweusi.

"Hicho ni cha nani, shemeji?" Nyamizi akauliza.

"Na mtungi wako je?" Lushinge akajibu kwa hasira. "Uleteni!"

Ukaletwa. Ndani ya shingo yake kulikuwa na mzizi mkavu umegandamana na udongo. Nyamizi aliuona akakaa chini. Hakujua. Wavuvi wengine wakaenda kuchungulia vibuyu vyao, wakarudi wameinamisha vichwa. Hakuna aliyeweza kusema ni maji ya nani yaliyomwua Mihambo.

Bibi Sundi, mkongwe kuliko wote, akasema, "Basi tufungashe wote twende. Ila nani atabaki kukamua ng'ombe?"

Hakuna aliyecheka. Lushinge akainama, akaufungua mzigo wa Nyamizi kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake waliweka mapanga kando. Waling'oa kwa mikono, mmea mmoja mmoja na mizizi yake, wakaupandisha mwambani mbali na maji, jua likaukausha, wakauchoma. Kazi hiyo ilimaliza kiangazi kizima, na Nyamizi aliifanya mtoto akiwa mgongoni.

Na tangu siku hiyo, Isela hapokei salamu za maji. Bibi harusi hufudikiza mtungi wake, padri hufudikiza chupa yake ya maji ya baraka, na mvuvi huanika wavu wake. Hata hivyo kila masika jani moja huonekana mahali fulani. Tunaling'oa, kisha tunatazamana. Mungu ndiye anayejua lilikotoka.

Mwaka jana waliniletea vitu vya mwanangu Masalu, aliyefia ziwa kubwa. Kulikuwa na kopo lake la kunywea. Jirani yangu akalipokea njiani, akaliuliza kama ilivyo desturi, "Umetoka maji gani?" Nikajibu kwa niaba ya mwanangu. Kisha nikalifudikiza mwambani, nikakaa karibu nalo mpaka likakauka, ndipo nikaliingiza nyumbani.