Taa Itangulie

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi kavu aliishi mcha Mungu aitwaye Sheikh Ukba, aliyechimba visima miaka hamsini hadi kifua kikamchosha. Alipoona hawezi tena hata kupanda ngazi za msikiti, aliandika kitabu cha kuwafundisha wachimbaji wa nchi za mbali, akatafuta mtu wa kukipitia kabla msafara wa mahujaji haujakichukua.

Wa kwanza alikuwa na hati nzuri. Alizipamba herufi wala hakuuliza neno. Wa pili alikuwa mwanachuoni wa lugha, akaufanya mlango wa kitabu unaohusu kamba usomeke kama kasida. Sheikh aliwashukuru wote wawili. Alikuwa amechoka, na sifa zao zilimpumzisha.

Wa tatu alikuwa Bi Lubaba, mjane aliyeishi kwa kunakili vitabu. Yeye aliomba kamba, taa, na ndoo yenye jiwe la kushika nafasi ya mtu, akaketi uani kwa Sheikh penye kisima kikavu. Alisoma mstari mmoja, akatenda ulivyosema, kisha akaenda kwenye wa pili. Asipoelewa aliuliza, na aliuliza sana, hata Sheikh akamwambia kwa ukali kwamba amechoshwa na maswali ya mtu asiyewahi kushika sururu. Bi Lubaba alijua kwamba akifukuzwa pale hana kazi nyingine. Alisubiri hasira ipoe, akarudi na ukurasa.

"Sheikh wangu, ni kweli sijui kuchimba, ndiyo maana nafuata ulichoandika. Umesema mchimbaji ateremke, kisha taa ishushwe kupima hewa mbaya. Nimefanya hivyo. Taa ilipozimika, jiwe langu lilikuwa limeshafika chini. Angekuwa mtu, tungekuwa tunamfanyia maziko."

Sheikh aliuchukua ukurasa, akausoma mwenyewe.

"Sikusahau, Bi Lubaba," akasema. "Niliandika kama tulivyofanya siku ile. Ndugu yangu Harithi aliteremka, mimi nikiwa bado nawasha taa. Miaka thelathini nimewaambia watu kwamba kamba ilikatika."

Bi Lubaba hakumlaumu. Alichovya kalamu, akauliza aandike nini. Sheikh akamwambia aitangulize taa, na chini yake aandike jina la Harithi na namna alivyokufa, na aliyemteremsha ni nani, ili msomaji asidhani sharti hilo ni la kupoteza wakati. Bi Lubaba alipomaliza alimsomea, naye Sheikh akalia mpaka usingizi ukamchukua.

Ndugu zangu, nami nimechoka na vitabu vizuri visivyofaa kitu. Mkimwajiri mtu wa kupitia maandishi ya kazi, msiitazame hati yake peke yake. Mtazameni kama anasoma kwa niaba ya yule atakayeteremka, na akiwauliza mpaka mkaudhika, mvumilieni. Mwenyezi Mungu amrehemu Harithi, ambaye siku ile hakuwa na mtu wa kumuuliza nduguye taa iko wapi.