Kilomita Elfu Moja za Ambwene

Hadithi hii nilipewa na mtu wa Rungwe, nami naipitisha kwako kama nilivyoipokea. Ukimaliza kuisoma, mpe mtu mwenye haraka.

Palikuwa na ndugu wawili, Asegelile na mdogo wake Ambwene. Baba yao alipofariki aliwaachia shamba la chai, nyumba ya bati, na gari moja la zamani la rangi ya maziwa, lililotengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Shamba na nyumba havikuleta neno. Gari ndilo lililowagombanisha.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Asegelile akiwa bado anapokea waombolezaji, Ambwene alichukua funguo akaondoka na gari kwenda kuishi mjini Tukuyu. Hakumuaga mtu. Kaka yake aliona ametukanwa mbele ya msiba. Tangu siku hiyo wakawa hawasalimiani, na miaka minne ikapita hivyo.

Ambwene alilipenda gari lile hadi usingizini. Kila mwaka palikuwa na mashindano ya magari ya kizamani kupanda mlima, naye alikuwa akijiona ndotoni ameshika usukani, ukungu ukimfungukia mbele, gari likipanda na kupanda bila kukohoa. Basi akataka injini yenye nguvu zaidi. Fundi wa kwanza akaishusha, akaifunga upya. Wiki haikuisha, ikanoki, vyuma vyake vikashikana ndani. Fundi wa pili naye akaifunga. Siku ya nne ikanoki tena, mlimani.

Mara ya tatu akaenda kwa Fundi Bupe, mama wa makamo aliyejifunza kazi kwenye karakana ya marehemu mumewe. Bupe aliifungua injini polepole, akapanga vyuma juu ya gunia safi, akavitazama siku mbili. Kisha akamwita Ambwene.

"Ulianza kuikimbiza siku ya ngapi baada ya kufungwa?"

"Siku ileile, mama."

"Basi wenzangu hawakukosea, mwanangu. Pistoni na silinda zilikuwa ngeni kwa ngeni. Wewe ukazilazimisha zipendane kwa moto."

Akafanya kazi majuma sita. Alichonga silinda zikapanuka kidogo, akaweka pistoni kubwa zaidi, akasaga valvu moja moja mpaka zikakaa bila kuvuja, akazibua rejeta ya kupoza injini iliyojaa kutu. Siku alipoiwasha, injini ilinguruma kwa sauti nene na tulivu. Ambwene akafumba macho, akaona ile ndoto yake iko mlangoni.

Lakini Bupe hakumpa funguo hivihivi. Alimwekea sharti: kilomita elfu moja, asizidi hamsini kwa saa. Kila asubuhi ateremke mpaka Kyela na kurudi, akifikisha elfu alete gari limwagwe oili. Akilikimbiza kabla ya hapo, asimrudie tena.

Barabara ile ilipita mbele ya nyumba ya baba yake, ambako Asegelile aliishi. Miaka yote minne Ambwene alikuwa akipita hapo kwa kasi, macho mbele. Sasa hakuwa na kasi ya kujifichia.

Asubuhi ya kwanza malori yalimpita, pikipiki zikampita, vijana wakamwuliza kama anasindikiza maiti. Hakuongeza mwendo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, migomba inadondosha maji, na gari linateleza katikati yake kana kwamba halina magurudumu. Alipofika nyumbani kwao aliona maua ya mama yake bado yapo ukutani. Akaona mgongo wa kaka yake umeinama shambani, na nywele zake zimekuwa nyeupe. Hakujua zimeanza kubadilika lini.

Siku ya tatu akapiga honi, kidogo tu. Asegelile hakuinua kichwa. Siku ya tano akapiga tena. Hakuinua kichwa. Ambwene akaendelea kuteremka.

Usiku wa kuamkia siku ya tisa mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, taa za gari zikawa hazifiki mbali. Alipita nyumba ya kaka yake, akaingia kwenye kona iliyo chini yake, na humo katika weupe akaona kitu kinapepea. Akakanyaga breki. Gari likasimama hatua mbili mbele ya mtu aliyeshika jani la mgomba.

Alikuwa Asegelile, ameloa mpaka mifupani, meno yanagongana. Nyuma yake hapakuwa na barabara. Ardhi ilikuwa imeporomoka yote bondeni.

Ambwene akashuka, akachungulia bondeni. Aliwaza mwendo aliozoea kwenda nao zamani. Kwa mwendo ule, kabla ya kufika shimoni angekuwa amemgonga kaka yake.

"Umesimama hapa tangu lini?"

"Kabla hakujapambazuka. Niliweka matawi, nikaona kwa ukungu huu usingeyaona."

"Ulijuaje kama nitapita?"

Asegelile akajifuta maji usoni.

"Siku nane nakusikia. Saa moja na robo uko mbele ya nyumba. Mwanzo injini ilikuwa nzito, inajivuta. Juzi nikasikia imelainika. Nikasema, huyu sasa amejifunza kungoja." Akalitupa jani la mgomba. "Honi pia niliisikia."

Ambwene akavua koti lake, akamvika.

"Kaka, nilikukosea msibani."

Asegelile akalifunga koti vifungo. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi. Ambwene akaliweka gari kuizuia njia, taa zikiwaka, wakakaa humo na injini inanguruma chini chini, joto lake likiwapanda miguuni, mpaka watu wa barabara walipofika. Kisha wakarudi nyumbani wakanywa chai.

Kilomita zilizobaki walizimaliza pamoja kwa barabara ya juu. Bupe alimwaga oili, akaisugua kati ya vidole, hakukuta chembe ya chuma. Akamwambia Ambwene sasa anaweza kukanyaga.

Siku ya mashindano gari lilipanda mlima wote bila kuchemka, likafika la pili. Ndani yake walikuwa watu wawili. Na hadi leo wiki moja linalala kwa mmoja, wiki nyingine kwa mwenzake.

Funzo: Kilichovunjika kikiungwa upya, kiwe chuma au undugu, usikijaribu kwa nguvu siku ya kwanza, kiendeshe polepole mpaka kizoee, ndipo kitakapokupandisha mlima.