Majina Kumi na Mawili Barazani

Alikuwepo askari mmoja mstaafu aliyerudi kutoka vitani akakosa pa kukaa, akawa analala kwenye baraza la kanisa. Kila asubuhi mzee wa kanisa alimkuta amesimama wima, mguu mmoja mzima, mwingine una kipande cha bomu ndani, akiita majina kumi na moja ya wenzake waliokufa. Kila jina alilingojea kidogo, kisha akajijibu: "Hayupo." La kumi na mbili lilikuwa lake. "Nipo!"

"Afande, marehemu unawaita ili iweje?"

"Siku wakiitika, Baba, ujue sihitaji tena daktari."

Wakacheka wote wawili.

Mguu ulipovimba, akajikokota hospitali. Karani akamuuliza, "Makazi?"

"Sina, mwanangu."

"Mzee wangu, kompyuta haipokei 'sina'. Lete barua ya unapokaa, tukufungulie faili."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimpa hata kiti. Askari akarudi kwa mzee wa kanisa: "Niandikie tu kwamba nakaa hapa."

"Hapa ni nyumba ya Mungu, Afande, si makazi ya mtu. Ila nitalipeleka kikaoni."

Kikao kikakaa, kikaona jambo ni zito, kikaunda kamati.

Asubuhi ambayo kamati ilikuwa ikutane, mzee wa kanisa akiwa getini alisikia majina yakiitwa kama kawaida. La kwanza likaitwa, na sauti ikajibu: "Nipo." La pili, sauti nyingine: "Nipo." Sauti kumi na moja, hakuna iliyofanana na mwenzake. Likaitwa la kumi na mbili, zikajibu zote kwa pamoja: "Yupo nasi."

Alipofika barazani, hapakuwa na mtu ila askari, amelala, wa baridi kama sakafu, umande umemtanda usoni.

Fomu ya mochwari ikaletwa. Makazi ya marehemu? Wazee wakaandika bila kikao: *Baraza la kanisa.* Wakagonga mhuri. Kompyuta ikakubali papo hapo.

Ndugu zangu, msiniulize ni kanisa gani. Mhuri kama ule na sisi tunao, uko kabatini, wino haujakauka. Je, tunautunza kwa ajili ya maiti? Marehemu kumi na moja wameweza kuitika. Sisi tulio hai, tumekula, tumevaa, tunashindwaje?

Mkitoka hapa, tazameni barazani kwetu. Yuko mwingine. Akikuita, usimwache ajijibu mwenyewe: "Hayupo."