Kura Moja ya Dubrova

Hapo zamani, na wala si zamani sana kwa kuwa simu zilikuwapo, alikuwapo bwana mmoja huko Kanada akiitwa Orest Danyluk. Msiniulize baridi ya huko ikoje. Ni baridi ya kumfanya mtu aone haya kulalamikia kipupwe chetu.

Kanada ina majimbo, na kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile kubwa la nchi nzima. Orest alikuwa mbunge katika bunge la jimbo moja la mashamba ya ngano, akiwawakilisha watu wa mji mdogo wa Dubrova na mashamba yanayouzunguka. Alichaguliwa akiwa na nywele, akaendelea kuchaguliwa mpaka hana. Miaka ishirini na minne! Daraja likivunjika, mpigie Orest. Hospitali ikikosa muuguzi, mpigie Orest. Ng'ombe akiingia barabarani, mpigie Orest, ingawa mbunge na ng'ombe wapi na wapi.

Lakini bunge lilikuwa mbali, mwendo wa saa sita kwa gari. Jumatatu anakwenda, Ijumaa anarudi, Jumamosi yuko mazishini, Jumapili yuko kwenye mchango wa kanisa. Kule bungeni alipanga chumba, akawa na sufuria moja na sahani moja. Huku Dubrova mkewe, Stefania, alitenga sahani moja. Kule sahani moja, huku sahani moja. Mke na mume, kila mtu anakula akitazama ukuta. Jambo hilo linaniuma, nawaambia kweli.

Sasa, Dubrova kulikuwa na desturi. Asubuhi ya uchaguzi wagombea wawili hukutana katika ukumbi wa kanisa, wakala pamoja wali uliofungwa kwa majani ya kabichi, kisha kila mmoja akaenda kumpigia kura mwenzake. Kura mbili zinafutana, hapati hasara mtu. Wazee wao waliona kujipigia kura ni sawa na kujituza mwenyewe ngomani.

Uchaguzi wa saba ukafika, theluji magotini. Safari hii mpinzani alikuwa Ardith Coyle, mwalimu, hana hata miaka mitatu pale mjini. Orest akamweleza desturi. Ardith akatabasamu, akasema, "Sawa, mzee." Wakala, wakaenda kupiga kura.

Kura zikahesabiwa. Zilikaribiana mno hata hakimu akasema zihesabiwe tena, zikahesabiwa tena. Ardith alipata elfu mbili mia nne kumi na nane. Orest alipata elfu mbili mia nne kumi na saba. Kura moja!

Orest akarudi nyumbani na sufuria yake na sahani yake ndani ya boksi. Akakaa kando ya simu. Simu haikulia. Akainyanyua kusikiliza kama ni nzima. Ilikuwa nzima. Watu wa Dubrova walimwonea haya, na mtu anayeonewa haya hatembelewi. Siku ya kwanza haikulia. Siku ya pili haikulia.

Siku ya tatu akaja Lorne, rafiki yake wa ujanani, aliyekuwa akiwabeba wazee kwa pikapu yake kwenda kupiga kura.

"Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekuangusha," akasema. "Bibi Pauline alikuwa amebaki kule shambani. Niliambiwa njia imefungwa kwa theluji, nikajitia kujua. Tukakwama, mimi na yeye, mpaka kituo kikafungwa. Kura zako mbili zilikaa ndani ya pikapu zikitetemeka. Lakini mimi nilikwenda kwa kukupenda."

Siku ya nne akaja Ardith. Hakuvua koti.

"Mzee, nilikula chakula chako na nikasema sawa. Kisha nikajipigia kura. Nilipoishika kalamu nikajiuliza, nimezunguka mashamba yote haya nikiwaomba watu waniamini, halafu mimi mwenyewe nisijiamini? Sheria sikuivunja. Neno langu ndilo nililolivunja."

Orest akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia achunge daraja la kaskazini.

Siku ya tano hakuja mtu. Mchana Stefania akatenga chakula, sahani mbili. Orest akazitazama zile sahani kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Kula," akasema Stefania. "Na ukila unisikilize. Mimi kura yangu nilimpigia Ardith."

Kijiko kikasimama.

"Mara sita nilikupigia wewe, Orest. Mara sita nilikutoa kwa mkono wangu. Mji mzima ulikuwa na mume, mimi nilikuwa na simu. Safari hii nikasema, acha nipige kura moja ya kwangu mwenyewe. Sikutaka ushindwe. Nilitaka urudi."

Orest akasema, "Ungeniambia tu, Stefa."

"Nilikuambia. Mwaka wa pili, mwaka wa tisa, mwaka wa kumi na tano. Simu ikalia." Akamsogezea chumvi. "Na wewe? Ulimpigia nani?"

"Ardith. Desturi."

"Ulijua atakutimizia?"

Orest akatazama dirishani, theluji imefunika hata uzio.

"Niliona alivyotabasamu," akasema. "Nilijua hatatimiza. Nikasimama na ile karatasi, nikakumbuka kile chumba, ile sufuria. Nikampigia."

Wakala. Hakuna aliyemgusa mwenzake wala aliyecheka. Na wakiwa katikati ya chakula, simu ikalia, mara ya kwanza tangu siku ile. Ikalia, ikalia. Orest akaweka kijiko chini. Stefania akaweka kijiko chini. Wakatazamana.

Haya, jamani, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Hesabu yake ni nyepesi: Lorne na Bibi Pauline wangefika, Orest angeshinda. Ardith angetimiza neno, Orest angeshinda. Stefania angempigia mumewe, Orest angeshinda. Orest angejipigia mwenyewe, angeshinda. Mke wangu amekwisha kutoa hukumu yake, na tangu hapo hajanisemesha. Je, katika hao wanne, nani alimwangusha Orest Danyluk? Na ile simu, nani alistahili kuipokea?